Mamba wa Mtu

Nilipokuwa bado mtoto wa kubeba beseni dogo kichwani, kule kwetu Kalemie ng'ambo ya daraja la mto Lukuga, nilijua kwamba mamba wako wa aina mbili. Kuna mamba wa Mungu na kuna mamba wa mtu. Mamba wa Mungu hutoka kwenye yai, huota jua mchangani, hula samaki, na akisikia kelele za watu hujitosa majini. Mamba wa mtu hutengenezwa. Mwenyewe anajua kamtengeneza kwa nini, anamlisha nini, na anamtuma kwa nani. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha jambo hili. Nililijua kama nilivyojua kwamba bukari, ugali wetu, huliwa kwa mkono wa kuume.

Njia ya kuwatofautisha ilikuwa ukubwa. Mamba wa Mungu, walisema, hufika mahali akaacha kukua, kama sisi watu. Mamba wa mtu haachi. Kwa hiyo yule mmoja aliyeonekana chini ya daraja kila mwaka mto uliposhuka na kuacha mchanga wazi, hakuna aliyemhesabu kuwa wa Mungu. Alikuwa mrefu kuliko mtumbwi wa watu wanne. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya gogo lililoungua, na kwenye mkia kulikuwa na mahali ambapo magamba yalikuwa yamenyofoka. Wavuvi walimwita Mzee, lakini si wakiwa juu ya maji.

Siku hizi najua kwamba mamba wote huendelea kuongezeka kidogokidogo maadamu wako hai, na aliye mkubwa kupita kiasi ni yule tu aliyebahatika kuishi sana. Wanangu wana telefoni, na wanapenda video za wanyama wakubwa wa dunia. Wananionyesha mamba wa Australia mwenye kichwa kama meza, chatu wa mito ya Amerika anayebebwa na kundi zima la wanaume, ngisi wa vilindini ambaye jicho lake ni sawa na sahani, kaa wa visiwani anayepanda mnazi na kupasua nazi. Wanapiga kelele, wanarudisha nyuma, wanatazama tena. Mdogo wao aliniuliza, "Mama, na weye uliona munyama mukubwa gani kwa macho yako?" Nikamwambia mamba. Akataka kujua urefu wake. Nikamwonyesha, kutoka mlangoni petu hadi kwenye mpapai ulio nje, naye akacheka akidhani namtania. Niliishia hapo. Yaliyobaki hayasemwi kwa mtoto anayecheka.

Nkambo, maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu, jina lake lilikuwa Sidonia. Alikuwa mama yake Papa, mjane, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka hata alipobeba mzigo. Aliishi nasi, akianika ndakala, dagaa wetu wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu nyuma ya nyumba na kuwafukuza kuku kwa sauti ambayo majirani waliisikia kabla ya kengele ya kanisa. Baba yake, ambaye sikumkuta, alikuwa mpiga kasia. Alivusha watu Lukuga miaka ile. Kutokana na baba huyo, Nkambo alijijengea heshima yake ya mtoni.

Pale tulipofulia palikuwa na mawe mengi, lakini jiwe zuri lilikuwa moja, pana, laini, lililoingia ndani kidogo hadi kwenye maji ya kina yasiyo na matope. Jiwe hilo lilikuwa la Nkambo. Hakuwa amelinunua wala kulirithi. Alichofanya ni kusema tu, kila alipopata nafasi, kwamba baba yake alimjua Mzee tangu Mzee akiwa na urefu wa mkono, na kwamba wao wawili walikuwa na mapatano, na kwamba Mzee anamjua mtoto wa rafiki yake na anajua mahali anapokaa. Alisema hivyo akisugua mashuka, bila kumtazama mtu. Wanawake wakikuta jiwe tupu walipita na kwenda kuinama kwenye mawe madogo yenye utelezi.

Nyumbani alicheka mpaka machozi. "Woga ya bale bamama inanisaidia," alimwambia Mama yangu. "Magoti yangu hii, nitainama kwenye matope juu ya nini?"

Papa hakucheka. Papa alikuwa mchomeleaji wa vyuma karibu na bandari, na Jumapili aliongoza kwaya. Jina lake ni Deni. Nakumbuka alivyoweka kijiko chini. "Mama, ni uongo ile. Tate, baba yako, alikuwa mupiga kasia tu. Hakukuwa na mamba, hakukuwa hata na mujusi. Siku moja hayo maneno itakurudilia."

"Hata kama ni uongo," Nkambo akasema, "jiwe ni ya kweli."

Nimeyaandika maneno ya Papa kama nilivyoyasikia kwa sababu kila kitu kilichofuata kinayategemea. Papa alijua. Alikuwa amesema kwa kinywa chake, mbele ya mkewe na mbele yangu mimi Riziki, binti yake wa kwanza, kwamba ni uongo.

Mwaka ule walikuja watu wengi kutoka upande wa Nyunzu wakikimbia vita. Mmoja wao, Mama Jakelini, alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, yeye na binti yake Odeta. Odeta alikuwa mkubwa kwangu, msichana wa kuanza kufunga kitenge, mwenye pengo katikati ya meno ya mbele na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Alinifundisha kusuka nywele za mdoli wa majani ya mahindi. Nilimpenda kama watoto wanavyowapenda wasichana wakubwa wanaowatazama.

Mama Jakelini hakujua habari za jiwe. Siku yake ya kwanza mtoni alilikalia, na Nkambo alipofika alimkuta amekwisha kupaka sabuni.

"Ile jiwe ni yangu," Nkambo akasema.

"Mama, utanisamehe, sikujua kama jiwe iko na mwenyewe." Hakuinuka. "Kwetu kule, mawe ya mto ni ya Mungu."

Wanawake waliacha kusugua. Odeta alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama kawaida yake. Nkambo alisimama pale na beseni kichwani, na nadhani ni kicheko kile kilichomchoma kuliko maneno ya mama mtu.

"Sawa," alisema. "Kaa. Mwenye mto atakuja mwenyewe kukuondoa."

Aligeuka, akafulia nguo zake kwenye matope, mimi nikimshikia beseni. Mama Jakelini naye, aliponong'onezwa na wengine, hakulikalia tena jiwe lile. Walisalimiana yeye na Nkambo, walipeana chumvi. Ugomvi ule sisi wa nyumbani tuliusahau.

Masika yalipofika Lukuga ilijaa, ikawa nyekundu na nzito. Asubuhi hiyo Nkambo hakwenda mtoni, magoti yalimsumbua. Mama Jakelini alikuwa na malaria. Odeta alikuja peke yake na beseni la mashuka ya mgonjwa, akaona jiwe liko wazi, akaenda akakaa. Mimi nilikuwa juu ukingoni nikifunga kata ya kubebea ndoo. Niliona vizuri, na kwa miaka mingi nilitamani nisingeona.

Hakuruka kama wanavyoruka kwenye video. Maji yalipanda kidogo mbele ya jiwe, kama yanavyopanda mtumbwi unapopita, kisha kichwa kilikuwa pale, kimya, kipana kuliko beseni la Odeta. Nilidhani ni gogo. Odeta naye nadhani alidhani hivyo, kwa sababu alinyoosha mkono kulisukuma. Baadaye nilisikia sauti moja ya maji, na jiwe likawa tupu. Shuka moja lilibaki likielea. Nilipopata sauti yangu wanawake walikuwa wamekwisha kupiga kelele, na yule mnyama aliibuka mbali, kule katikati, tukaona urefu wake wote mara moja, mgongo ukipita, ukipita, ukiendelea kupita. Hadi leo ninapofumba macho mgongo ule haujamalizika.

Wanaume waliingia mitumbwini na mikuki na mapanga. Walitafuta mpaka jua likawa juu ya kichwa. Walirudi na kitenge.

Mtu akifa kwa homa, watu hulia. Akichukuliwa namna ile, watu huuliza. Na jibu lilikuwa limekwisha kusemwa, mbele ya wanawake wote, kwa sauti ya Nkambo. Kabla ya jioni uwanja wetu ulijaa. Walisimama mpaka kwenye nyavu za ndakala, wengine wakizikanyaga. Shefu wa mtaa alikuwa mbele, mtu mpole mwenye kofia, na nyuma yake vijana wenye mawe mikononi. Mama Jakelini alishikiliwa na wanawake wawili. Hakuwa analia tena. Alimtazama Nkambo tu.

"Hii mamba si ya Mungu," mtu mmoja alipaza sauti. "Hii mamba ni ya muntu!"

Nkambo aliketishwa kwenye kigoda nje ya mlango. Shefu alimuuliza kama kweli aliwahi kumwambia Mama Jakelini kwamba mwenye mto atakuja kumwondoa.

"Nilisema," Nkambo akajibu.

"Na ile mamba ni yako?"

Nilikuwa nimejibana kwenye mlango, nyuma ya sketi ya Mama, na niliuona upande wa uso wake. Nkambo aliyekuwa akipita njiani na watu wakampisha, alifungua mdomo akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Nilikuwa naringa tu. Haikuwa kweli. Nilikuwa nataka jiwe."

Kuna waliocheka. Kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko mawe. Mwanamke mzima anakiri mbele ya mtaa mzima kwamba alidanganya miaka yote kwa ajili ya jiwe la kufulia, na hakuna anayemwamini. "Sasa njo anakataa," walisema. "Wachawi wote wanakataa."

Shefu aliinua mkono. Nadhani alitaka kumsaidia. Alimgeukia Papa, aliyekuwa amesimama kando na suruali yake ya kazi, madoa meusi ya kuchomelea mapajani. "Papa Deni. Weye ni mutoto wake, umekula kwake, umelala kwake. Na ni muntu wa kanisa. Ukisema hapa mbele ya Mungu kama mama yako hana mamba, tutakuamini. Anayo ao hana?"

Papa alitazama vijana na mawe yao. Alinitazama mimi mlangoni, na Mama, na paa la nyumba. Kisha akatazama viatu vyake.

"Miye sijui," alisema. "Mambo ya wazee, miye sijui."

Nkambo aligeuza kichwa akamtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alimtazama kama unavyomtazama mtu njiani unayedhani unamfahamu, halafu akikaribia unaona kwamba umemfananisha.

Shefu aliamua Nkambo aondoke kabla ya jua la kesho kuwa kali, asirudi. Vijana walitupa mawe yao chini ya ukuta wetu, wengine wakapiga teke nyavu wakipita. Asubuhi Papa alimpeleka bandarini, kwenye boti ya Moba, alikokuwa ameolewa mdogo wake Nkambo. Nilikwenda nao nikibeba mkeka. Papa alibeba begi, alimtafutia mahali pazuri kando ya magunia, alimwekea chupa ya maji, alipanga na kupanga upya mizigo yake. Alisema mambo mengi: asikae penye upepo, asimwage dawa ya magoti, atakuja kumwona. Nkambo aliitikia "eh, eh." Boti ilipoondoka aliniinulia mkono mimi.

Mama aliniambia mara nyingi, nilipokuwa mkubwa, kwamba Papa angeapa siku ile wangetuchoma sote. Inawezekana. Mama alikuwapo na alikuwa mtu mzima, mimi nilikuwa mtoto. Lakini Mama pia alikuwa akiniambia hivyo bila mimi kumuuliza.

Shuleni nilikaa peke yangu kwenye benchi. Watoto hawakutaka kuvuka daraja pamoja nami, wakisema mamba atanijua kwa harufu. Niliona haya kuwa mjukuu wa Nkambo, haya ya kitoto, ile inayokufanya utembee ukiangalia vidole vya miguu yako. Mama Jakelini alihama mtaa, na sikupata kumwona tena. Nilimwota Odeta.

Na Mzee aliendelea. Nkambo yuko Moba, safari nzima ya boti katikati, na Mzee alimchukua mvuvi karibu na mdomo wa mto, kisha mbuzi, kisha mtu mwingine. Kama mtoto anavyofikiri, nilidhani sasa watu watasema: tulikosea. Nilingoja kabisa mtu aje kusema hivyo mlangoni. Walichosema ni kwamba bibi kizee alipoondoka alimwachia mtoto wake.

Ndivyo zamu ya Papa ilivyofika. Wateja walipeleka vyuma vyao kwa mchomeleaji mwingine. Kwenye kwaya waliomba apumzike kidogo. Alikwenda kwa Shefu kujitetea, akarudi akakaa kitandani na viatu miguuni, akamwambia Mama yale aliyojibiwa. Shefu alikuwa amemuuliza tu: "Kama hamukuwa na mamba kwenu, juu ya nini siku ile ulisema haujui?"

Kisha mamba aliuawa. Askari waliokuwa wakilinda daraja walimvizia akiota jua asubuhi, wakampiga risasi nyingi. Walimburuta kwa kamba mpaka mchangani na Kalemie nzima ilishuka kutazama. Mimi pia nilikwenda. Wanaume walilala chini mmoja baada ya mwingine kando yake ili kumpima, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, watu wakicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Ukimtazama kwa karibu, hakuwa Mzee wa mtu yeyote. Alikuwa na kupe kwenye mikunjo ya shingo, jino moja limeoza, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe. Walimpasua wakitafuta bangili, hirizi, kitu chenye jina la mwenyewe. Walikuta mawe, pembe ya mbuzi, na kandambili ya plastiki iliyopauka.

Hapo ndipo niliposikia sehemu ya imani ambayo sikuwa nimeijua. Mama mmoja aliisema bila haraka, akijifuta mikono: mamba wa mtu akifa, mwenyewe hufa siku hiyohiyo. Watu waligeuka. Waligeuka polepole, wakaangalia mahali nilipokuwa nimesimama.

Nilikimbia nyumbani. Nilipofika Papa alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa amelala chali, mkono juu ya kifua, akijisikiliza. Nje watu walianza kukusanyika, hawana mawe safari hii, wamekaa chini kabisa kama watu waliokuja msibani mapema. Walisubiri. Mama aliwapita kwenda kuchota maji, akawapita kurudi, bila kuwasalimu. Saa zilipita na Papa hakufa. Akaketi. Nikaona kitu kikibadilika usoni mwake, na nikakielewa kabla hajasema, nikatamani nisingekielewa. Kama si yeye, basi ni nani?

Alichukua telefoni akatoka nayo uwanjani. Hakujificha. Alipiga Moba, akaweka sauti wazi ili wote wasikie. Mtoto wa yule mdogo wake Nkambo alipokea. Papa akasema, "Nipatie Mama." Kisha, kwa haraka, "Mama iko? Iko muzima?"

Tulisikia kuku, tulisikia mtu akiitwa, hatua zinazoburuta. Halafu sauti ya Nkambo, karibu sana, kama anavyosema mtu asiyezoea telefoni.

"Allo. Nani?"

"Ni Deni, Mama."

"Deni! Kuko nini? Batoto bako wazuri?"

"Wazuri." Papa alisafisha koo. "Nilikuwa nataka kujua kama... uko muzima."

"Niko muzima. Ninamenya muhogo."

"Haujisikii vibaya? Leo?"

Nkambo alikuwa mtoto wa mto ule. Yote tuliyoyajua sisi aliyajua kabla yetu. Nilimsikia akipumua.

"Bameua ile mamba," alisema.

Papa aliwatazama watu waliokaa chini.

"Basi waambie niko muzima." Sauti yake haikupanda. "Na weye, Deni? Weye pia ulifikiri nimekufa?"

Watu wote walimtazama Papa. Alishika telefoni kwa mikono miwili. Laini ilikatika, au Nkambo alikata, sijui, na watu walianza kuinuka mmojammoja wakipangusa vumbi nguoni. Mmoja alimpiga Papa begani akipita akasema, "Bwana asifiwe, Mama iko muzima." Baada ya juma moja wateja walirudi. Kwaya ilimrudisha. Hakuna aliyesema samahani kwa mtu yeyote.

Papa alikwenda Moba kumrudisha. Alirudi peke yake na kikapu cha samaki mkavu aliopewa. Nkambo alikuwa amemwambia kwamba amezoea huko. Tulimtembelea wakati wa likizo. Alitupikia, alinisuka, alimuuliza Papa habari za kazi, wakazungumza juu ya bei na mvua na nani ameoa. Hakuna siku waliyolitaja jambo lile mbele yangu, na ninaamini hawakulitaja hata walipobaki wawili. Pale mtoni Lukuga hakuenda tena.

Nimewafikiria sana watu wa uwanja ule, na siwezi kuwachukia. Kitu kikubwa kiasi kile kikikuchukulia mtoto, akili haikubali kwamba kilikuwa na njaa tu. Walitaka pawe na mtu nyuma yake, kwa sababu mtu unaweza kumfukuza. Walikosea, lakini waliamini. Ninaloshindwa kulibeba ni la Papa. Siku ile ya kwanza hakuamini. Alisema "sijui" akiwa anajua. Lakini siku ya telefoni nilimtazama, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Kwa miezi ile yote lazima alikuwa ameona ni rahisi kuishi kama kweli hakujua, na kidogokidogo akafika mahali ambapo angeweza kumpigia mama yake mzazi kuuliza kama mamba wake amemuua. Nampenda Papa. Amenisomesha, amenibebea watoto wangu mgongoni. Ninapomwona akiomba kanisani kwa sauti nzuri ile, naona haya kwa niaba yake, na kisha naona haya kwa kuona haya.

Nkambo alikufa mwaka juzi, usingizini, kwa uzee. Tulikwenda Moba kumzika. Kaburini walimpa Papa nafasi ya kusema, kama mtoto wa kwanza. Nywele zake zimekuwa nyeupe sasa. Alivua kofia, akaizungusha mikononi hata watu wakaanza kukohoa. Nilidhani atasema juu ya mapishi yake, imani yake, namna alivyotulea.

"Mama yangu hakuwa na mamba," alisema.

Watu wa Moba walitazamana. Hakuna aliyejua habari ya Lukuga kule. Vijana wenye majembe waliinamisha vichwa ili tusiwaone wakijizuia kucheka. Katekista alidhani uchungu umemzidi, akaanzisha wimbo, na wengine wakaudaka upesi ili kumsitiri. Nkambo Mudogo, yule mdogo wa marehemu, alinitazama kwa macho yaliyouliza, na mimi nikatazama udongo.

Niliona haya, lakini si kwa sababu ya vijana wale. Niliona haya jinsi maneno yalivyokuwa mafupi. Muda wote ule nilikuwa nimeyafikiria kama mzigo ambao mwanamume mmoja peke yake hawezi kuunyanyua mbele ya umati, na kumbe yalitoka kwa pumzi moja, hata wimbo haukuchelewa. Nilimshika Papa mkono tukarudi kwenye boti.